Kibanio cha Buluu na Kijiba cha Roho

Kabla hamjaniuliza: ndiyo, vizimba vya kituo kile cha paka nilivitengeneza mimi. Vyote kumi na vinne. Bawaba hazilii, milango haijipindi, na mpaka leo hajatoroka paka hata mmoja, isipokuwa yule mweupe, na yule aliachiwa mlango wazi na mtu ambaye si mimi. Niliishia darasa la sita, sikatai, lakini nipe ubao na futi halafu ukae pembeni uone.

Ila habari hii si yangu. Ni ya dada yangu, yule anayenifuata kuzaliwa, ambaye wapwa zangu na watoto wa jirani wanamsikia akiitwa Mama Vibanio na kudhani jina limetokana na udobi wake. Nusu ni kweli. Nusu nyingine ameniruhusu kuisema mwenyewe. Aliniambia, "Andika, kaka, lakini usiongeze chumvi." Mimi na chumvi tulishatenganishwa na daktari zaidi ya miaka kumi iliyopita, kwa sababu ya presha, kwa hiyo asiwe na wasiwasi.

Dada yangu alikuwa dobi wa nyumba ya wageni kwa miaka ishirini na mbili. Shuka zake ungeweza kuzisimamisha ukutani zikasimama. Magoti yalipoanza kumsumbua, na mumewe alikuwa ameshafariki na watoto wameshatawanyika kwenye maisha yao, akaacha kazi ile akachukua nyingine aliyodhani ni ndogo: kufua mablanketi kwenye kituo cha kulelea paka wasio na mwenyewe. Siku tatu kwa wiki, basi. Aende, afue, aanike, arudi.

Kule nyuma ya kituo kuna chumba kimoja tulichokuwa tukikiita wodi. Mbele wanakaa paka wazima, wanaochezacheza, wageni wakija wanawachagua na kuondoka nao. Wodini wanakaa wale ambao mgeni akishasikia habari zao anaangalia saa na kukumbuka ana safari. Kuna mmoja figo zimechoka, anatiwa maji chini ya ngozi kama mpira unaojazwa upepo. Kuna mwenye pumu, anayevutishwa dawa kwa kikombe chenye tundu. Kuna anayetembea kama sakafu inayumba, tangu kuzaliwa. Na kulikuwa na Mzee, dume la kijivu, jicho moja, kichwa kikubwa kama ngumi ya mwanamasumbwi, mgonjwa wa kisukari. Sindano ya insulini mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa moja jioni, pamoja na chakula. Alikuwa ameshawauma wahudumu watatu. Daktari mwenyewe, mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo, alikuwa akimkamata akiwa amevaa glavu za kuchomelea vyuma.

Dada yangu alipomwona mara ya kwanza alisema tu, "Huyu ana baridi." Kesho yake akaja na taulo alilolipiga pasi hapohapo kituoni, likiwa bado na joto, akasimama mbele ya kizimba akasema, "Hodi, baba." Akangoja. Nawaambia alingoja, kama mtu aliye mlangoni kwa wakwe. Mzee akamtazama kwa lile jicho moja. Akaingiziwa taulo. Akalalia. Akaanza kunguruma ule mngurumo wa paka walioridhika, ambao hakuna mtu kituoni aliyewahi kuusikia kutoka kifuani mwake. Ndani ya mwezi dada yangu akafundishwa kuchoma sindano, siku tatu zikawa saba, asubuhi na jioni, na hakuumwa hata mara moja.

Mimi nikaanza kumwita yule paka shemeji. Ungefanyaje? Dada yangu mjane anaamka alfajiri kumpigia mtu pasi, anampikia supu ya kuku bila chumvi, anajua uzito wake mpaka gramu. "Shemeji yangu ameamkaje?" namuuliza, na yeye anajibu bila kucheka, "Amekunywa maji mengi kidogo jana." Na mimi hapo nimekaa na presha yangu ya miaka minane, hajawahi kuniuliza kama nimemeza kidonge! Sikuwa na wivu. Mwanamume mzima kumwonea wivu paka wa kisukari? Nilikuwa naona tu, nahesabu tu, kwamba supu ile zamani ilikuwa inakuja kwangu.

Sasa vibanio. Zamani, mhudumu akishampa mgonjwa dawa, alikuwa anaandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa kizimba. Lakini vizimba vinaoshwa kwa mpira wa maji, na wagonjwa wengine wanakojoa kwa kurusha, ikifika saa nne karatasi yote ni uji. Dada yangu akaleta kopo la vibanio vyake vya nguo. Kila paka na kibanio chake, kwa rangi na alama. Ukishampa dawa, unachukua kibanio chake kwenye kopo unakibana mlangoni. Jioni kabla ya dawa ya pili, na tena kabla ya kufunga, vyote vinarudi koponi. Ukiona kibanio mlangoni, usiguse: ameshapata. Huoni kibanio: bado. Daktari aliyesoma miaka mingi akasema, "Kwa nini hatukufikiria hili?" Kwa sababu hamkuwahi kuanika shuka sitini kwa siku, ndiyo maana. Kibanio cha Mzee kilikuwa cha buluu, chenye alama ya pasi iliyochorwa kwa kisu. Alama niliichonga mimi.

Mambo yakaenda hivyo kwa miaka miwili. Halafu akaja Nesi.

Nesi alikuwa mstaafu wa hospitali, mwembamba, viatu vyeupe visivyotoa sauti, mikono kama ya mpiga gitaa. Alijitolea kuja wodini kila asubuhi. Siku yake ya tatu dada yangu alichelewa dakika chache, akamkuta Nesi ameshamchoma Mzee, na Mzee hakuwa ameacha hata kutafuna. Hakujua kama amechomwa! Kwa dada yangu, Mzee huwa anakunja sikio kidogo. Kwa Nesi, sikio halikukunjika.

"Mchumba wangu huyu ni mpole sana," Nesi akasema. "Mlikuwa mnamsingizia."

Mchumba! Mngemwona dada yangu. Alisimama na taulo lake la moto mkononi mpaka likapoa. Kisha akasema, "Huyo anaitwa Mzee," akapita kwenda kufua, na siku ile mablanketi yalikamuliwa mpaka yakapoteza umbo.

Hapo ndipo mimi, mjomba wenu mwenye busara, ningenyamaza. Sikunyamaza. Nilikuwa natengeneza rafu ya dawa pale mlangoni mwa wodi wiki zile, na raha niliyoipata siwezi kuificha. Dada akipita, nasema, "Pole, mke mkubwa. Mke mdogo amevaa nyeupe leo." Nesi akipita, nasema, "Leo mwenye nyumba amemletea supu, wewe umeleta nini?" Wote wawili wananikata jicho. Na mimi napiga randa, navumisha wimbo.

Ikawa hawasalimiani. Wanapishana kwenye ukumbi mwembamba kama mabasi mawili kwenye daraja. Dada akaanza kufika saa kumi na mbili na nusu ili awahi. Nesi akaanza kufika saa kumi na mbili na robo. Dada akamwambia Daktari kwamba mikono ya Nesi inanuka dawa ya hospitali na inamtisha mgonjwa. Nesi akamwambia Daktari kwamba supu ya nyumbani inavuruga sukari ya mgonjwa. Daktari akawaambia wote wawili kwamba ana paka mwenye mawe kwenye kibofu na hana nafasi.

Usiku dada anakula chakula kwangu lakini hakioni. "Unajua anamwita nani?" ananiuliza, kijiko kimesimama hewani.

"Mchumba."

"Mchumba! Mtu mzima! Mimi miaka miwili nasimama nje ya kile kizimba napiga hodi. Yeye amekuja na viatu vyake ameingia tu."

"Lakini ana mkono mwepesi," nikasema. Si kwa ubaya. Kidogo kwa ubaya.

Akaweka kijiko chini. "Kaka, ningekuwa na mkono mwepesi shuka za wageni zingefuliwa na nani?"

Nikachukua nyama iliyobaki kwenye sahani yake.

Siku mbili baadaye akafanya jambo ambalo mimi sikulijua, na laiti ningelijua ningekuwa nimelifanyia utani pia, kwa hiyo afadhali sikulijua. Jioni, wakati wa kufunga, alipokuwa akirudisha vibanio kwenye kopo, kile cha buluu hakukirudisha. Alikitia kwenye mfuko wa aproni yake akaondoka nacho. Hesabu yake ilikuwa hivi: bila kibanio, Nesi hataweza kuweka alama; asipoweza kuweka alama, hatathubutu kuchoma; asubuhi ni yangu. Yeye aliyeileta desturi ile, yeye aliyetugombeza mimi na wahudumu wote kama tukiacha kibanio chini, ndiye aliyekiiba. Kijiba cha roho kikikukaa hapa kooni hata mkono wako mwenyewe unakugeuka.

Asubuhi iliyofuata umeme ulikatika. Mtu mwingine angesema, leo Mzee atalalia taulo baridi, hatakufa. Dada yangu akasema la, Nesi hana taulo la moto, taulo la moto ni langu. Akarudi nyumbani akatoa pasi ya mkaa, akawasha, akapuliza, akasubiri, akapiga pasi. Saa moja ya sindano ikapita.

Mimi nilikuwa wodini na rafu yangu. Nesi alitazama saa. Akatazama ndani ya kopo, akachakurachakura. Akasubiri dakika kumi. Kisha akamlisha Mzee, akamchoma, akakusanya mabakuli ya kwenda kuyaosha. Akapita kwangu akasema, "Kaka fundi, dada yako akija mwambie mchumba ameshapata sindano. Kibanio hakipo."

"Atapata salamu," nikasema.

Haya. Dada akafika anahema, taulo limekumbatiwa kifuani. Na mimi, badala ya kusema maneno matano ya Kiswahili yaliyo wazi, nikasema nini? Nikasema, "Umechelewa, mke mkubwa. Mke mdogo ameshamaliza kila kitu, mumeo hana haja nawe leo."

"Toka hapa na utani wako," akasema.

Wiki zote zile nilikuwa nikisema hivyohivyo. Angejuaje kwamba leo ndani ya utani kuna habari? Akatazama mlango wa kizimba. Hakuna kibanio. Kingekuwepo vipi, na kiko mfukoni mwake? Lakini mazoea ya miaka miwili yaliyaambia macho yake: huoni kibanio, bado. Akapiga hodi. Akaweka taulo, akaweka supu. Mzee alilamba kidogo akageuza kichwa. Alikuwa ameshiba. Dada yangu akaona amenuniwa. "Najua nimechelewa, baba, usininunie," akamwambia, na akamchoma sindano ya pili. Sikio likakunjika kidogo. Akafurahi kwamba limekunjika.

Akatoa kibanio cha buluu mfukoni, akakitazama, akakirudisha mfukoni.

Ilipofika saa nne kasoro nilikuwa nafunga skrubu ya mwisho. Nikamwona Mzee anashuka kwenye kijukwaa chake, mguu wa nyuma ukateleza. Akasimama. Akayumba kushoto, akagonga ukuta, akakaa ghafla kama mtu aliyesukumwa. Nikacheka. Nawaambieni ukweli, nilicheka, nikaita kuelekea uani kwenye kamba za nguo: "Dada! Njoo umchukue mumeo, kalewa!"

Dada hakugeuka hata kichwa. Lakini jikoni bakuli lilianguka. Nesi alitokea na vile viatu visivyotoa sauti, na safari hii vilitoa sauti.

"Umesemaje? Kalewa?"

Miaka thelathini alikuwa amewaona wagonjwa wa kisukari wakiletwa hospitalini na watu wanaosema huyu kalewa. Akapiga magoti mbele ya kizimba, akainua mdomo wa Mzee. Taya lilikuwa linatetemeka. "Amechomwa tena," akasema. "Nani amemchoma tena? Asali! Lete asali! Mwite Daktari!"

Dada aliingia akiwa na vibanio viwili vya nguo mdomoni. Alipoona, vikaanguka. Hakuuliza. Akaenda rafuni moja kwa moja, akachukua chupa ya asali, akaja akakaa chini sakafuni, na magoti yale! Nesi akishika kichwa, yeye akipaka asali kwenye fizi kwa kidole, akipaka, akipaka, akisema, "Hodi, baba. Hodi. Hodi." Mzee, ambaye alikuwa ameuma watu watatu, hakuuma. Hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa amelegea kama soksi.

Daktari akaja, akampiga sindano ya mshipani ya maji ya sukari, akamfungia mrija mguuni. Tukakaa. Saa tano ikapita. Saa sita. Kama saa sita na nusu hivi Mzee akainua kichwa, akatazama kila mmoja wetu kwa jicho moja, kwa dharau, akaanza kulamba asali kwenye masharubu.

Daktari akasimama. "Kibanio kiko wapi?" Akatuangalia kwa zamu. "Nimepekua kopo lote. Cha buluu kiko wapi?"

Dada yangu angeweza kusema kimepotea. Vibanio vinapotea kila siku. Aliingiza mkono mfukoni akakitoa, akakiweka mezani mbele ya watu wote. "Mimi," akasema. "Nilikificha mimi. Nilitaka awe wangu peke yangu." Halafu akalia, kilio kibaya kisicho na sauti, mabega tu.

Nilimtazama Nesi. Nilijua sasa atampiga kijembe cha kumzika. Nesi alikuwa anajifuta asali kwenye vidole, kimoja kimoja, polepole.

"Nilijua," akasema. "Jana jioni nilirudi kuchukua miwani yangu, nikakuona ukikitia mfukoni. Ningeweza kumwambia Daktari. Ningeweza kufunga hata kitambaa pale mlangoni. Nilinyamaza ili siku moja uumbuke." Akajifuta kidole cha mwisho. "Wiki tatu namchoma bila maumivu. Wiki tatu hajaningurumia mimi. Wewe unaingia na taulo tu, ananguruma mpaka jikoni nasikia."

Wakanigeukia mimi. Wote, na Daktari. Nikasema, "Niliambiwa nimfikishie ujumbe. Nilimfikishia kwa... kwa mafumbo."

Sitaandika aliyoniambia Daktari. Mengine sikuyaelewa, na niliyoyaelewa nimeyasahau kwa makusudi.

Hukumu ikatoka: kwa siku kumi, hakuna hata mmoja kati yao atakayemgusa Mzee. Daktari mwenyewe atalisha, atachoma, asubuhi na jioni. Wao wakae na wengine, yule wa figo, yule wa pumu, wamejaa tele.

Na hapa ndipo nilipoona jambo la ajabu. Siku ya pili, dada na Nesi wamesimama ukumbini, mmoja huku mmoja kule, wanachungulia wodini. Daktari anamlisha Mzee kwa kijiko. Na Mzee, mnafiki yule, anajisugua kichwa kwenye mkono wa Daktari. Daktari anasema, "Mpenzi wangu, mpenzi wangu mzuri."

"Umemsikia?" dada akanong'ona.

"Nimemsikia," akasema Nesi. "Mpenzi! Si ndiye aliyekuwa akimshika kwa glavu za kuchomelea?"

"Anamchoma upande uleule kila mara. Atamtia kinundu."

"Ndivyo nilivyotaka kusema. Na hajui kupiga hodi."

"Hajui!"

Walikuwa hawajasemezana wiki tatu. Siku ya nne niliwakuta uani wameshika blanketi moja, mmoja kila upande, wanalikunja huku wakimsengenya Daktari kwa raha zote. Siku ya saba Nesi alikuwa anamfundisha dada jinsi ya kuinua ngozi na kuingiza sindano ili isiume, wakifanyia kwenye sponji, na dada akimfundisha Nesi jinsi ya kukunja taulo joto lisitoke. Mwenye wivu alibaki mmoja tu pale kituoni, na hakuwa mwanamke.

Zamu zikagawanywa. Asubuhi ya dada, jioni ya Nesi. Siku ya kwanza jioni nilikuwepo, nikatega sikio. Nesi akamaliza, akabana kibanio cha buluu mlangoni, akatoka na kumwambia dada aliyekuwa akivaa viatu: "Shemeji amekula vizuri. Robo tu ndiyo ameacha."

Shemeji. Alifunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa anatabasamu kama aliyepokea barua.

Mzee aliishi miaka miwili zaidi, akiwa na wake wawili na sukari iliyotulia kuliko presha yangu. Na presha hiyo nayo haikuachwa: wiki ileile zamu zilipogawanywa dada alikuja kwangu asubuhi, saa moja na nusu, baada ya zamu yake. Akasimama mlangoni.

"Hodi."

"Karibu."

"Umemeza kidonge cha presha?"

Nikamtazama. Miaka minane. "Nimemeza," nikasema.

Akatoa kibanio cha kijani, kipya, akanibana kwenye mfuko wa shati. "Usikitoe mpaka jioni," akasema, akaenda zake.

Nilitembea mtaa mzima nacho. Fundi viatu akaniuliza kama nimeanikwa nikasahauliwa. Nikamwambia hiki ni cheo, si cha kila mtu. Kesho yake akaja tena, hodi, umemeza, nimemeza, kibanio.

Siku zote mbili nilikuwa sijameza. Vidonge vile vinanifanya niende chooni kila mara, na mimi ni mtu wa kazi. Siku ya tatu nilimsikia anakuja, viatu vyake navijua, na kibanio cha jana kilikuwa mezani. Nikakitazama. Kikanikumbusha taya la Mzee likitetemeka. Nikakimbilia kabati, nikameza kidonge bila maji, kikakwama, nikafungua mlango machozi yananitoka.

"Umemeza?"

Nikafungua mdomo nikamwonyesha ulimi.

Akanibana kibanio. Kisha, sijui aliona nini usoni mwangu, akatoa kopo dogo kwenye kikapu chake akaliweka mezani. Supu ya kuku, bila chumvi. Ilikuwa bado ya moto.